Amepata foo ya 27 na hatoki chumbani

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Pasua hapa Moshi. Nina duka la vitenge, na mume wangu ni dereva wa magari ya watalii, kazi zake nyingi zinaanzia Arusha. Kijana wetu wa kwanza ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne Novemba iliyopita kwenye shule ya bweni ya kulipia. Shule ya msingi alikuwa anaongoza darasa, ukoo mzima unamwita daktari. Matokeo yametoka, amepata divisheni ya nne pointi 27. Ana C mbili, Kiswahili na Biolojia. D ni nne: Uraia, Jiografia, Kiingereza na Kemia. F ni tatu: Hisabati, Fizikia na Historia. Binti wa shemeji yangu, waliosoma wote shule ya msingi, amepata wani. Siku ile ile shemeji akayaweka matokeo ya binti yake kwenye grupu la ukoo, watu wakaanza kuuliza, "na wetu wa Pasua je?"

Baba yake alimwambia sentensi moja tu, "umechoma mamilioni yangu," na tangu hapo hawasemeshani. Kijana hatoki chumbani, anakula usiku tukishalala, kanisani hataki. Nilipompigia mwalimu wake ndipo nikajua hata moko, ule mtihani wa majaribio, alifeli, na sisi alituambia amepata divisheni ya pili. Nimemwombea, nimemwambia asijali ni mipango ya Mungu, nimemtajia watu waliofeli wakatajirika, hanijibu. Juzi kaniandikia ujumbe kwenye simu, na tuko nyumba moja, anaomba aende kwa mjomba wake Dar es Salaam "mpaka watu wasahau". Baba anataka arudie mtihani, anasema usajili unafungwa. Nianzie wapi? Na nimruhusu kwenda Dar?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Mfikishie na kijana pole yangu, ukiona inafaa.

Nianze na ule ujumbe wa simu, maana katika barua yako yote ndio ulionipa moyo. Kijana amejifungia, hasemi na mtu, lakini amekuandikia wewe. Hakutoroka alfajiri akapanda basi la Dar, ameomba ruhusa kwa mama yake. Bado anakutegemea, hata kama hakujibu ukimsemesha. Kwa hiyo mjibu leo, na umjibu kwa maandishi kama alivyokuandikia, kwa sababu vijana wa umri wake huandika yale ambayo mdomo umegoma kuyatoa. Usimwandikie "tutaongea". Kwa mtoto aliye katika hali yake, neno hilo maana yake anaitiwa kikao. Mwandikie hivi: "Nimesoma ujumbe wako. Nimeelewa umechoka na macho ya watu. Sijasema hapana, nipe siku chache niongee na baba. Nimepika mtori, nakuletea." Suala la Dar lenyewe nitalirudia mwishoni.

Sasa tuangalie kinachomuumiza. Wazazi wanaokuja kwangu kipindi hiki, Januari ikiisha na Februari ikianza, huja na swali la shule: arudie, aende chuo, au aende VETA akasomee ufundi? Mtoto naye kakaa ukingoni mwa kiti ana swali lake ambalo hakuna anayelisikia: je, mimi bado ni wa nyumba hii? Mwanao alikuwa daktari wa ukoo tangu akiwa mdogo. Kwake halikuwa jina la utani. Ndilo lililomfanya baba mkubwa amwite karibu na kumuuliza habari za masomo mnapokwenda nyumbani Desemba, wakati watoto wengine wanaambiwa wakacheze nje. Matokeo yalipotoka, nafasi ile ikaondoka, na baba akalithibitisha hilo kwa sentensi moja. Ndiyo maana anakula usiku. Njaa anayo, ila hana uhakika kama bado ana haki ya kula mchana, mbele ya baba aliyechomewa mamilioni. Kazi yenu ya kwanza, kabla ya usajili wowote, ni kumrudishia nafasi yake nyumbani akiwa na foo yake hiyo hiyo ya 27. Asiisubiri mpaka atakapofaulu.

Hapo ndipo utauelewa na ule uongo wa moko. Najua umekuuma, pengine kuliko matokeo. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha utafiti ambao mimi huwasimulia wazazi mara kwa mara. Watoto wa shule ya msingi walipewa mafumbo ya kutatua, kisha baadhi wakasifiwa kwamba wana akili, na wengine kwamba wamejitahidi. Baadaye wote wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda. Waliosifiwa akili walikata tamaa zaidi na raha ya kazi ikawaisha. Kisha wakaambiwa wamwandikie mtoto wa shule nyingine, wasiyemjua hata sura, wamweleze walipata alama ngapi. Hao hao waliosifiwa akili ndio walioongeza alama kwa wingi kuliko wenzao. Mtoto anayepewa heshima kwa sababu ya kichwa chake huogopa sana siku kichwa hicho kitakapoonekana kimeshindwa, na ataificha siku hiyo kwa kila njia. Mwanao aliificha moko kwa hofu hiyo. Tangu siku aliyowaambia "mbili" mpaka matokeo yalipotoka, alikuwa anakaa na ninyi mezani akijua kinachokuja. Nadhani ameumia kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Usiufanye uongo huo kesi. Ila usiufiche pia, kwa sababu akihisi siku moja utaulipua atazidi kujifungia. Mwambie mapema, kwa sauti ya kawaida: "Najua kuhusu moko, mwalimu aliniambia. Sijakuja kukugombeza. Natamani ningejua mapema nikusaidie. Uliogopa nini ukiniambia?" Akitoa jibu linalokuchoma, kwa mfano kwamba aliogopa utamwambia shangazi, lipokee. Usijitetee siku hiyo.

Maneno uliyomwambia yalitoka kwenye upendo, na sala zako ziendelee. Lakini jiweke mahali pake. Akiambiwa asijali, anasikia kwamba kinachomuuma hakistahili kuuma. Mipango ya Mungu ni imani ya thamani, na yeye mwenyewe anaweza kuifikia baadaye, ila kwa sasa inamwachia swali asiloweza kumuuliza mama mcha Mungu: kwa nini Mungu alimpangia binamu yangu wani? Na wale waliofeli wakatajirika wanamwekea mtihani mwingine juu ya ule ulioanguka, sasa inabidi awe tajiri ili kufeli kwake kusameheke. Faraja huanza kufanya kazi mtu akishaona maumivu yake yameonekana. Kwa hiyo punguza maneno.

Nikueleze namna ya kuingia pale chumbani, kwa sababu mambo haya huharibika kwenye vitu vidogo. Nenda jioni, wadogo zake wakiwa sebuleni na kelele zao. Bisha hodi hata kama mlango ni wa nyumba yako, na usubiri. Ingia na bakuli la mtori, moja lake na jingine lako, maana ukimsimamia huku yeye anakula peke yake utakuwa mlinzi. Taa ikiwa imezimwa iache hivyo hivyo. Simu yako ibaki sebuleni. Keti ukingoni mwa kitanda au chini, usisimame mlangoni ukiwa umeshika kiuno, hata kama mgongo unakuuma. Sema: "Najua inauma. Hata mimi inaniuma. Sijaja kuongea habari za shule." Halafu kula. Kimya kitakuwa kizito, na hamu ya kukijaza kwa mawaidha itakuwa kubwa. Kiache. Akilia, mwache alie, na usimwambie kwamba mwanaume halii. Dakika kumi zikipita bila neno, chukua bakuli, mguse bega, mwambie "kesho tena", uondoke. Kesho urudi kweli. Siku ya pili au ya tatu, mara nyingi, huanza kusema jambo dogo lisilohusiana kabisa, labda habari ya mpira au ya mwenzake wa bwenini. Usilirukie hilo ukalipeleka kwenye masomo. Anapima tu kama mlango uko salama.

Mchana mpe kazi zake za kawaida: maji, kufungua duka, kumpeleka mdogo wake shule. Usimpe kama adhabu, na usimwonee huruma ukazimaliza mwenyewe. Mtoto anayetumwa dukani anajua bado anahesabika.

Sasa nizungumze na baba yake. Ukiona vema msomee sehemu hii, au mpe aisome mwenyewe.

Kaka yangu, hasira yako ninaielewa, na sitaki mtu akuambie haina msingi. Dereva wa watalii halali nyumbani kwake. Unatoka alfajiri, unakula vumbi la Serengeti, na mvua za masika zikianza wageni wanapungua na ada haipungui. Umelipa miaka minne. Moyo wa mtu aliyelipa namna hiyo lazima ushtuke. Ila tazama kilichotokea baada ya sentensi ile. Kijana hakuwa na mahali pa kuipeleka, hawezi kukurudishia pesa wala kuurudisha mtihani. Amebaki nayo chumbani. Wazee walisema mtoto akinyea kiganja hakikatwi, na najua wewe hukukusudia kukata. Yeye hajui hivyo. Sharti umwambie.

Huna haja ya kumwomba radhi kwa kukasirika. Mwombe radhi kwa sentensi ile moja. Mwambie: "Siku ile nilisema kwa hasira. Ada ilikuwa kazi yangu kama baba, hunidai na sikudai. Matokeo yamenisikitisha, lakini wewe ni mwanangu na hapa ni kwako." Baba wengi huniambia maneno kama haya yatamdekeza mtoto. Kwa ninavyowaona vijana, anayejua hajafukuzwa moyoni mwa baba yake ndiye anayekaa chini kusoma tena. Anayeamini amefukuzwa hutumia nguvu zake zote kumkwepa baba.

Na usimwite sebuleni akusimamie mbele. Wewe una gari. Siku una safari ya kupeleka gari Arusha au kumfuata mgeni uwanja wa ndege wa KIA bila mgeni ndani, na ofisi yako ikiruhusu, mwambie akusindikize, akae mbele. Baba na mtoto wa kiume huongea vizuri zaidi wote wakitazama barabara kuliko wakitazamana usoni. Mpaka Boma Ng'ombe ongea habari za gari, za mvua, za foleni ya mizani. Simameni mle kitu. Ukiona mabega yake yameshuka, mwambie maneno yale, mara moja, kisha endelea kuendesha. Usidai jibu. Na mkipita Tengeru usianze kumwonyesha vyuo kwa kidole. Kama gari halipatikani, nendeni nyumbani kihambani mkate majani ya ng'ombe, itafaa vilevile.

Turudi kwako, dada. Lile grupu la ukoo msiliache lijisemee. Kunyamaza kwenu kunawaacha watu waendelee kubahatisha, na kijana ana simu, anasoma. Aandike baba, maana ni ukoo wake, na uzito wa neno lake utamfikia na kijana: "Hongera kwa binti yetu. Kijana wetu amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa kama tulivyotarajia, tunaongea naye kuhusu hatua inayofuata. Tunaomba asipigiwe simu kuulizwa. Asanteni." Basi. Msitaje pointi, msidanganye, msijadiliane. Shangazi akipiga, mwambie hivyo hivyo. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Kama Baraza lenyewe limeacha kuwapanga watoto kwa mstari, ukoo nao unaweza. Na msimlazimishe kumpongeza binamu yake kwa sasa, wala msimseme vibaya binti yule mkidhani mnamfurahisha. Hao ni ndugu watakaohitajiana hata sisi tukiwa hatupo.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na sitafunga barua hii bila kulisema. Kijana wa miaka 17 mwenye aibu kubwa, aliyejitenga, aliyeambiwa neno zito na baba, anaweza kufika mahali akaona afadhali asiwepo. Sisemi mwanao amefika huko. Nasema muulize, tena waziwazi: "Kuna wakati unawaza kujidhuru, au kwamba afadhali usingekuwepo?" Wazazi huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Sivyo. Aliyekuwa nalo hupata nafuu kwa kuulizwa, na asiyekuwa nalo hukuambia hapana na anajua unajali. Mwangalie kama anagawa vitu vyake, anaaga aga, anasema ninyi mtapumzika yeye akiondoka, au ametulia ghafla baada ya siku za majonzi makubwa. Wakati huohuo, bila kutangaza, toa ndani ya nyumba dawa za kunyunyizia kahawa na nyanya, sumu ya panya, na vidonge vya hospitali vilivyobaki, ukavifungie mahali au umpe jirani. Fanya hivyo leo hata kama unaona napita kiasi. Fikra za kujidhuru mara nyingi huja kama wimbi na kupita, na sumu ikiwa mbali katika saa hiyo mtoto mara nyingi huokoka.

Akikujibu ndiyo, au ukiona dalili hizo, usimwache peke yake na usimpigie kelele. Mpeleke Mawenzi au KCMC siku hiyo hiyo, wapo wanaoshughulikia afya ya akili, na ni hospitali kama unavyompeleka mwenye malaria kali. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo, na yeye mwenyewe anaweza kuipiga kama hataki kuongea na ninyi.

Hata bila dalili hizo kuna mpaka wa kungoja. Huzuni ya siku kadhaa baada ya matokeo mabaya ni ya kawaida. Ikifika wiki mbili, karibu kila siku, halali au analala mchana kutwa, hataki hata vitu alivyovipenda, hawezi kutulia na jambo, anajiona hana thamani, hiyo tunaiangalia kama sonona na inahitaji mtaalamu. Kwa vijana, hasa wa kiume, sonona mara nyingi haionekani kama machozi. Inaonekana kama hasira za kila saa. Akianza kugombana na wadogo zake kwa jambo dogo, usimwone mkorofi tu.

Ndipo tufike kwenye shule, na hapa nitakuwa mfupi, maana baba anajua zaidi kuhusu njia anazozitaka na kijana hajaulizwa bado. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na kuendelea mpaka mwisho wa Februari bila faini, na Machi kwa faini. Baba aende akahakikishe tarehe za mwaka huu kwenye kituo cha mtihani. Kwa hiyo haraka ipo, ila si ya leo usiku. Mna muda wa kumtoa kijana chumbani kwanza.

Akishatoka, kaeni watatu na matokeo yale, myasome kama taarifa. Kidato cha tano kinataka angalau C tatu, na yeye anazo mbili. Hana sababu ya kurudia masomo yote tisa. D nne na kuendelea, bila kuhesabu masomo ya dini, ndicho kigezo cha chini cha kozi nyingi za astashahada, na yeye ana ufaulu wa masomo sita. Kemia na Biolojia amefaulu, kwa hiyo mlango wa kilimo na mifugo mkautazame. Kozi nyingi za afya zinataka na Fizikia, na ile F ndiyo inayomzuia. Kama bado anautaka uganga wa binadamu, Fizikia ndilo somo la kuanzia. Lakini hilo "kama" mliulize kwa dhati. Muulizeni udaktari ulikuwa wake au wenu, na akisema ulikuwa wa ukoo, msinune. VETA ya Moshi na chuo cha hoteli na utalii cha VETA pale Njiro ni vyuo vya watu wenye akili zao, na kijana wa dereva wa watalii amekua akisikia habari za wageni mezani kila siku.

Muulizeni pia alianza kupotea lini na kwenye somo gani. Mtoto anayeongoza shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Wengi hutulia mwaka mzima wakinakili ubaoni wasichokielewa, na kwa sababu walikuwa wanaongoza wanaona aibu kuuliza. Binamu yake alivuka, najua, na hilo linaonyesha huenda kuna jambo jingine: macho, mwalimu, uonevu wa bwenini, au fedha ya matumizi iliyochelewa akashindwa kusema. Msipolijua jambo hilo, mwaka wa kurudia utakwenda kwenye shimo lile lile, na mtamlipia tuisheni ya kitu kisichokuwa tatizo. Aanze yeye kuongea, baba awe wa mwisho.

Na sasa Dar. Mimi ningemruhusu, kwa masharti. Kupumzika na macho ya watu wa mtaa si ujinga, hata watu wazima hufanya hivyo baada ya msiba. Lakini asiende kabla baba hajasema naye, maana akipanda basi wakiwa hawasemeshani atahesabu kwamba amefukuzwa, na kila siku atakayokaa kule itaongeza ukuta. Asiende pia kama umemuuliza lile swali la kujidhuru ukapata jibu la wasiwasi. Hapo abaki karibu nanyi na karibu na hospitali. Safari iwe na tarehe ya kurudi inayojulikana tangu mwanzo, wiki mbili zinatosha, na iangukie kabla ya mwisho wa Februari ili mlango wa usajili usifungwe akiwa kule. Kitanda chake kibaki kama kilivyo, wadogo zake wasihamie. Mpigie mjomba kabla kijana hajafika, umwambie mambo mawili: asimuulize matokeo, na ampe kazi ya kufanya, iwe ni kwenda naye kazini au kusaidia nyumbani, asimwache akishinda na simu. Na nauli ampe baba yake, kwa mkono wake, pale stendi.